Kibao cha Goigoi

Mchora mabango hakuwa mtu wa kuandika jina asilojua maana yake. Wateja walishamzoea. Kabla ya kufungua kopo la rangi alivuta kiti, akakaa, akauliza jina limetoka wapi na lilimpata nani kwanza. Mtaa ule ulikuwa na watu wa kila asili, kwa hiyo hakukosa hadithi. Mwenye duka la viatu alibeba jina la kijiji ambacho wazee wake walikihama, na sasa hakuna aliyejua njia ya kukirudia. Kinyozi aliitwa kwa siku aliyozaliwa. Ndugu wawili wa duka la dawa hawakuwa na jina la ukoo kabisa. Kwao mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na kila mtoto anapozaliwa, la nyuma kabisa linadondoka. Mchora mabango alisema herufi hukaa sawa mkono unapojua unaandika nini.

Basi alipoitwa kwenye karakana ya mizani, aliegemeza ngazi ukutani na kuanza na lile swali lake.

"Andika Upesi," fundi alimwambia. "Mizani ya Upesi."

"Upesi ndiye nani?"

"Ndiye mimi, kuanzia leo."

Fundi huyo alikuwa mwanamke mwenye mikono mikavu na tumbo lililokwishaanza kuonekana. Baba yake alikuwa amekaa dirishani, anafuta mawe ya mizani kwa kitambaa, moja baada ya jingine, kana kwamba hasikii. Macho yake hayakuweza tena kusoma alama ndogo za mizani, ndiyo maana alimkabidhi binti yake funguo. Na alipomkabidhi alisema maneno machache tu: karakana yako, kibao chako.

Jina lililokuwa juu ya mlango lilikuwa Goigoi. Ndilo jina la ukoo wao. Fundi alikua nalo kama mtu anayekua na kigugumizi. Shuleni akichelewa, darasa zima lilicheka; akiwahi, walicheka zaidi. Hata mumewe, ambaye kwao wanabeba majina ya baba na babu kama wale wa duka la dawa, alimtania siku moja kwamba kwao watu hubeba wazazi, ila ukoo wa mkewe umebeba tusi la majirani. Fundi alicheka, lakini neno lilimwingia. Alijua maana ya goigoi kama kila mtu anavyoijua, na aliamini kwamba babu wa baba yake alikuwa mvivu wa kutupwa. Mtoto angebeba majina ya baba yake, lakini mtaani angejulikana kwa kibao, naye hakutaka aanze shule akiulizwa kama ameamka.

Mchora mabango aliikwangua rangi ya zamani, akapaka nyeupe, akasema sharti ikauke hadi kesho. Akaongeza kwa upole kwamba hilo la Upesi atalilalia kwanza, maana bado halijamwingia mkononi.

Aliondoka, na kabla hajafika mbali akaingia mwenye bucha na mizani yake ya saa, ile ya kutundika yenye mshale. Springi ilikuwa imekwisha. Fundi akatia springi mpya, akaupanga mshale kwenye sifuri, akajaribu jiwe moja, jingine, yote yakasoma sawasawa. Katika karakana ile, mizani iliyotengenezwa haikutoka siku hiyo hiyo. Ilitundikwa kwenye boriti na mawe mazito kwenye ndoano, ikalala hivyo hadi asubuhi. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, na fundi aliona ni namna tu ya kuwachelewesha watu. Akamkabidhi mwenye bucha mizani yake, bado ya moto kutoka mkononi. Mwenye bucha alishangaa, akashukuru, akaondoka mbio. Mzee dirishani aliacha kufuta kidogo, halafu akaendelea.

Asubuhi mwenye bucha alirudi na mizani begani. Hakuwa amekasirika sana. Alikuwa kama mtu ambaye amechekwa na hajui amcheke nani.

"Fundi, nimetundika mguu, mteja wangu anabishana bei," alisema. "Tunabishana, mshale unapanda. Hakuna aliyeugusa. Yule mama akaniuliza kama huyu ng'ombe bado anakua."

Fundi aliitundika mizani, akaweka jiwe zito, akasimama mbele yake. Mshale ulisoma sawa. Hakuondoka. Baada ya muda akauona ukisogea, taratibu, kama mtu anayejifanya haendi popote. Springi mpya ilikuwa haijazoea mzigo. Ilikuwa bado inalegea. Ilihitaji kubeba usiku kucha, ichoke pale pa kuchoka, ndipo sifuri ipangwe upya.

"Baba," alisema bila kugeuka, "babu yako alikuwa mvivu?"

Mzee akasimulia bila haraka. Babu yake alipofungua karakana, wenye maduka walitaka vitu vyao siku hiyo hiyo. Yeye alitundika mawe, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani. Walimwita goigoi mbele ya uso wake, naye akaitika. Muda ukapita, wakaanza kuja wageni kutoka mitaa ya mbali wakimuulizia Goigoi, kwa sababu walisikia kwamba mizani ya Goigoi hairudi kwa fundi. Hapo akaliandika mwenyewe mlangoni.

"Tusi walimpa wao," mzee alisema. "Jina alilichukua mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Umetundika mawe haya tangu hujafikia meza."

Fundi alicheka, safari hii kicheko kilichotoka tumboni hadi kikamtingisha mtoto. Akachukua mawe mazito kutoka mikononi mwa baba yake, akayatundika kwenye ndoano, akaupiga mzigo kofi dogo kama mtu anayemtuliza punda. Shuleni watamuuliza mwanawe, aliwaza, waulize. Atakuwa na la kuwajibu.

Mchora mabango alikuwa mlangoni na ngazi yake. Rangi nyeupe ilikuwa imekauka vizuri.

"Nimelilalia hilo la Upesi," alisema. "Sijapata usingizi."

"Achana nalo. Andika Goigoi. Herufi kubwa kuliko za kwanza, zionekane toka ng'ambo ya barabara."

Akavuta kiti, akakaa. "Na maana yake?"

Mwenye bucha, ambaye alikuwa bado amesimama akiitazama mizani yake ikining'inia, aliingilia. "Samahani, fundi. Hii niifuate jioni?"

"Kesho," fundi alimjibu. Kisha akamgeukia mchora mabango. "Umesikia? Ndiyo maana yake."

Mchora mabango aliinuka, akafungua kopo la rangi nyeusi.