Namba Iliyokwanguliwa

Zuhura hakuwa mwoga wa nyoka wala wa njia. Alishashuka kutoka milimani Kinole peke yake na tenga la nanasi kichwani, mvua inamwagika na utelezi umeshika mpaka kwenye mawe. Alichokiogopa katika dunia hii ni kitu kilichoandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kiti cha ofisi, kabati, taipureta, hata ndoo: ukiona namba ubavuni, hiyo ni mali ya umma, na mali ya umma ikikutwa uvunguni mwako huna maneno.

Woga huo aliupata mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, themanini na tatu, mali ya umma na bidhaa za magendo zilipokuwa zinasakwa nyumba kwa nyumba. Mumewe Abuu alikuwa na redio kaseti mbili za kuuza, amezipata kwa mabaharia Dar. Asubuhi moja Lendirova, gari kama la polisi, ikasimama mlangoni. Abuu hakuuliza. Alizibeba redio akazitumbukiza chooni, moja baada ya nyingine, na kanda zake zote juu. Kumbe dereva alikuwa anaomba maji, rejeta imechemka. Abuu alimpa maji, na tangu siku ile hakugusa tena redio mpaka anaingia kaburini.

Sasa miaka kumi imepita na biashara imefunguliwa. Pale sokoni Mwembesongo, mjini anakoishi, redio zinapangwa juu ya turubai kama nyanya. Zuhura mwenyewe ana kibanda cha kurekodi kanda. Jumatatu akina mama wa ngoma wa Kinole, ndugu zake wa upande wa mama, walikuwa wanashuka waimbe arekodi. Mwaka uliopita aliwarekodi kwa kipaza sauti kimoja, ngoma ikameza sauti zote. Mama mdogo Semeni aliisikiliza kanda mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza, "Mimi nimekaa wapi humu?" Wakiondoka hivyo tena, safari ijayo wataenda Dar, na kibanda kitabaki cha kunakili kanda za watu, kazi ambayo siku hizi kila mwenye redio ya Dubai anajifanyia sebuleni.

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwa mzee Bartholomeo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kilichofungwa. Mzee huyu alikuwa fundi mitambo wa bendi ya kiwanda. Bendi imekufa, kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, na yeye Jumamosi anarudi kwao Songea. Kitu asichoweza kusafiri nacho, anachokiuza, kilikuwa kimelazwa kitandani, juu ya blanketi, kama mgonjwa: miksa ya bendi, ile meza ya chuma ya kuchanganyia sauti, yenye nafasi kumi na mbili za vipaza sauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bi mdogo. Isalimie na yenyewe, imekula chumvi nyingi kuliko wewe."

Zuhura aliigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, alivyofundishwa na Abuu. Umeme ukikupiga hapo, mkono unaruka, haung'ang'anii. Haikupiga. Akavaa spika za masikioni, akaanza kupitia nafasi moja moja. Ya saba ilitatarika kama mafuta ya kukaangia maandazi. Ya tisa ilikuwa bubu mpaka ukandamize kitufe chake kwa kidole gumba. Nyingine zote nzima.

"Moja, mbili. Moja, mbili," Bartholomeo alisema kwenye kipaza sauti, na Zuhura akasikia mpaka mate kooni mwake, na kuku anayeparua nje ya dirisha. Alitamani kucheka. Kila mama wa Kinole na kipaza chake, ngoma imekaa nyuma, Semeni anasikika!

Akaigeuza kuangalia waya unapoingilia. Hapo akausahau waya. Ubavuni palikuwa pamekwanguliwa, upana wa vidole vitatu, chuma kinang'aa.

"Mzee, hii nini?"

"Kutu."

"Kutu gani ina pembe nne?"

Bartholomeo aliketi kitandani, miksa ikayumba. Alifungua Biblia akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa barua ya meneja, ina mhuri: bendi imevunjwa, kila mpigaji apewe chombo alichokuwa anakitumia, na ndugu Bartholomeo apewe miksa moja, namba 114.

"Mbona ni halali yako!"

"Halali yangu. Halafu nikasikia wanakuja watu kutoka Dar kuhesabu mali ya kiwanda. Nikashikwa na woga, mwanangu. Nikachukua msumeno wa chuma nikaikwangua namba."

"Umekwangua namba ya kitu chako mwenyewe?"

"Nimekwangua."

"Na barua inataja namba."

"Inataja."

"Na namba yenyewe huna."

"Usinicheke, Zuhura."

"Sicheki, mzee. Mimi mume wangu alizitupa redio zake chooni."

Mzee akainamia sikio lake. "Wewe ifunike khanga tu, pita njia ya reli. Nani ataijua?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia baridi. Alivua spika za masikioni, akajitanda khanga, akafika mpaka mlangoni. Alijiona Jumatatu, amefunga mlango wa kibanda, ndani akina mama tisa na ngoma zao wanapiga kwa nguvu zote, na yeye amesimama dirishani anachungulia magari. Utaficha vipi kitu ambacho kazi yake ni kelele? Na akikiacha, Jumatatu atarudi kwenye kipaza kimoja.

"Twende kwa balozi, atuandikie mauziano," alisema.

"Balozi! Unataka kunifunga?"

"Basi Jumamosi panda nayo basi, ukajieleze kwenye vizuizi vyote mpaka Songea."

Mzee aliitia barua mfukoni. Kisha akashika upande mmoja.

Waliivusha uwanja wakiibeba wote wawili, magoti ya Zuhura yakigonga chuma. Kila pazia lililotikisika alilihesabu. Yustina, jirani anayeuza vitumbua, akapaza sauti, "Mzee Batho, jeneza hilo mnalizika wapi?"

"Kwa balozi!" Zuhura akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Balozi wa nyumba kumi, mama Josephina, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Alisikiliza yote bila kuinua macho. Akafuta miwani, akasoma barua mara mbili, akapitisha kidole pale palipokwanguliwa.

"Mauziano nitayaandika," alisema. "Lakini naandika ninachokiona. Naandika namba imekwanguliwa, na muuzaji amekiri kaikwangua mwenyewe. Na wewe mnunuzi unaandika kwamba umeona, na umenunua hivyo hivyo."

Zuhura alielewa. Akishatia saini hapo, siku wahesabu mali wakija hataweza kusema hakujua.

"Na wakija, balozi?"

"Wakija nitawafungulia daftari. Jina langu si limo? Unadhani mimi siogopi?"

Bartholomeo alitia saini kwanza, akaenda kusimama kando, mgongo amewapa. Kalamu ikamfikia Zuhura. Bado angeweza kuinuka, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliandika Zuhura. Akaandika jina la baba yake, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye la babu yake mkono ukagoma.

"Pumua, mwanangu," balozi alisema, macho yakiwa kwenye mchele. "Karatasi haikimbii."

Zuhura akafuta kiganja kwenye khanga, akaishika kalamu tena, akalimalizia.