Dada na Kaka Katika Jozi Moja

Nani Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, asiyejua kwamba Sateki ni kaka yake Kalolaine? Baba zao tumbo moja. Chuo kizima cha uuguzi kinajua, hata wauza magimbi sokoni wanajua. Na Lopeti alijua, maana kazaliwa mtaa mmoja na Sateki. Lakini asubuhi ile walimu walipokusanyika kufanyiana mazoezi ya mbinu shirikishi za kufundishia, Lopeti, mkuu wao wa taaluma, akasimama mbele na kalamu sikioni, akawapanga wawiliwawili. "Kalolaine na Sateki," akasema, macho makavu.

Kalolaine alidhani kasikia vibaya.

Mwaka mzima yeye na Sateki walikuwa wamefundisha chuo kimoja bila kukaa meza moja. Akiingia chumba cha walimu, Sateki hukumbuka ghafla kuwa ana shughuli nje. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mwanamume hazungumzi mambo ya mwili mbele ya dada yake, wala hakai kuyasikiliza. Na Kalolaine alikuwa anafundisha nini? Kunyonyesha!

"Mwalimu Lopeti, naomba unibadilishie mwenzangu," alisema kwa upole.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui, niambie." Lopeti alitabasamu. Tangu arudi kutoka masomoni Auckland, New Zealand, alikuwa na tabasamu hilo la kuwahurumia watu. "Humu ndani hakuna dada wala kaka, mama. Kuna walimu na wanafunzi. Mnafikiri, mnajadiliana, kisha mnatueleza wote. Utamwonyesha Sateki jinsi mtoto anavyoshika titi, naye atakuuliza maswali. Dakika tano tu. Au mnaogopa?"

Loo! Neno hilo la titi, mbele yao wote wawili! Walimu waliinamisha vichwa. Sateki, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliinuka polepole, akakaza kiunoni mkeka wa heshima wanaojifunga watu wa kule, akatoka. Alikuwa na haraka ya kutoka hata akajigonga bega mlangoni.

"Mmoja kasusa," alisema Lopeti. "Na wewe?"

"Siwezi."

"Basi bodi nitaiambia hivyo. Mwalimu Kalolaine hashiriki."

Kila mtu alielewa. Kalolaine alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na bodi ilikuwa inakutana Ijumaa. Neno la Lopeti ndilo lingemthibitisha kazini au kumrudisha kisiwani Vava'u kwa mama yake, mikono mitupu. Damu ilimchemka. Kilichomuuma zaidi ni kaka yake, mtu asiye na neno na mtu, kutolewa chumbani kama aliyeiba. Angeweza kulia, lakini kulia mbele ya Lopeti? Thubutu!

Wakati wa chai akaingia Lavinia, mwalimu mwenzao, kachoka, ametokea wodini alikokuwa na wanafunzi wake. Lavinia ni dada yake Lopeti, mkubwa kwake, na kwa watu wa kule neno la dada mkubwa halipingwi na kaka yeyote, awe amesoma Auckland au mwezini. Lopeti alipomwona aliacha kutembeatembea. Sauti ikamshuka. Akamwekea kiti mbali kabisa, miongoni mwa wanawake.

Kisha akamsogelea Kalolaine, karibu kunong'ona. "Zamu yako ya kufundisha inafuata. Sisi wenzako tutakuwa wanafunzi. Ila badilisha mada. Fundisha kunawa mikono."

"Kunawa mikono! Kwa nini?"

"Kalolaine, unajua kwa nini."

"Sijui," alijibu, na safari hii hakunong'ona. "Niambie. Wasikie wote."

Lopeti alitupa jicho upande wa Lavinia. Kumbe heshima anaijua bwana huyu! Anaijua vizuri sana, ila ameiweka akiba kwa ajili ya nyumba yake.

"Kuna nini?" aliuliza Lavinia kutoka nyuma.

"Kuna hivi, dada," alisema Kalolaine kwa hasira. "Asubuhi mwalimu Lopeti kanipanga na Sateki tujadili somo langu la kunyonyesha. Kasema humu hakuna dada wala kaka. Sateki katoka, na mimi nitasemwa kwenye bodi kwamba sishiriki. Sasa wewe umekuja, naambiwa nifundishe kunawa mikono."

Lavinia aliweka kikombe chini. Akainuka, akaburuta kiti chake katikati ya chumba mpaka mbele ya kaka yake, akaketi, magoti yao nusura yagusane.

"Haya," alisema. "Kalolaine, tupe swali. Mimi na huyu ni jozi."

"Dada, tafadhali," alisema Lopeti.

"Dada yupi? Si umesema humu hamna? Uliza, mwalimu!"

Kalolaine aliligeukia darasa. "Mama amejifungua jana. Chuchu zimepasuka, mtoto analia. Jozi zote, mjadiliane. Dakika tano."

Hakuna aliyejadili. Lopeti alikuwa amekodolea macho vidole vya miguu yake, jasho likimtiririka masikioni, na ile kalamu ikamponyoka ikaanguka. Hakuweza hata dakika moja. Aliinuka, akatoka kwa mlango uleule aliotokea Sateki.

Baadaye kidogo akarudi, akaishia kizingitini. "Kalolaine," alisema bila kumtazama mtu, "bodi nitaiambia umeshiriki vizuri."

"Bodi iambie upendavyo. Mimi sijakuuliza habari za bodi. Sateki yuko pale kwenye tangi la maji, amesimama juani tangu asubuhi. Nenda kamwombe radhi."

Lopeti alimtazama Lavinia. Lavinia akachukua kikombe chake, akanywa chai.

Walimu wote walijazana madirishani. Walimwona akivuka uwanja na shati lake la pasi, akafika mbele ya Sateki, akaketi chini kwenye nyasi, kichwa ameinamisha kama inavyompasa aombaye radhi. Sateki hakumwinua upesi. Na Kalolaine, pale dirishani, hakumwonea huruma hata chembe.