Kipindi Kilichomfaa Deqa

Watu wa Kabati, kule Kitui, walisema Mwalimu Kalunde huota akiwa macho, na hawakumsingizia. Mwaka ule wa ukame, themanini na nne, alikuwa na ndoto moja tu: Deqa afungue kinywa.

Deqa alikuwa na miaka mitano. Tangu mama yake azikwe, hakuwa amemwambia mtu neno, si nyumbani, si pale shule ya nasari kwa Kalunde. Baba yake, Muktar, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, alijaribu kila njia. Mwisho akaleta shuleni televisheni yake mwenyewe, pamoja na betri ya lori.

"Mwalimu, wewe ndiyo unajua ile inafunza watoto," alisema. "Chagua ile itamfanya aongee. Shule ikifungwa na bado amenyamaza, nampeleka Garissa kwa nyanya yake."

Kalunde aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amempenda mtoto yule kama wa kumzaa, na Garissa ni mbali.

Matangazo yalianza jioni, kwa hiyo wazazi wakakubali watoto wabaki. Jua likilegea, vumbi likielea mlangoni polepole, walikaa sakafuni wakingoja kioo kiamke. Kwanza Kalunde alichagua kipindi cha herufi. Kilikuwa na mzungu mchangamfu kupita kiasi, anayeuliza swali na kujijibu mwenyewe kabla mtoto hajameza mate. Watoto wakaimba A, B, C kwa pua kama yeye. Deqa alitazama ukuta.

Akachagua cha wanyama. Simba alipotokea, nusu ya darasa ilikimbia nje kwenda kufungia mbuzi. Akachagua cha nyimbo, Deqa akasinzia.

Kalunde aliikasirikia ile televisheni kama mtu aliyemkosea. Akiwa anakoroga uji wa watoto, alijiona ameingia ndani ya kioo, anapita chumba hadi chumba, anabisha milango na kuulizia kipindi cha mtoto mmoja. Kila mlango ulifunguliwa na yule mzungu.

Siku ya kufunga shule Muktar alikuja jioni, matangazo yakianza tu. Lori lilinguruma nje, nguo za Deqa zikiwa kwenye boksi. Kalunde akawasha televisheni mara ya mwisho, na picha haikuja. Upepo ulikuwa umeigeuza antena. Kioo kizima kilijaa vitone vyeupe vinavyotiririka, na sauti yake, shhh, ikajaza chumba kama mvua juu ya mabati.

"Mbua!" mtoto mmoja akapiga kelele kwa Kikamba, na nasari nzima ikaitikia, "Mbua! Mbua!"

Mvua hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Wakafanya anavyofanya kila mtoto wa Kitui matone yakianza: wakakimbilia vyombo. Wakapanga vikombe vyao vya uji chini ya televisheni, kama sufuria zinavyopangwa chini ya paa nyumbani, wakachuchumaa kungoja.

Kalunde alitaka kucheka akashindwa. Akanyoosha mkono azime.

"Usizime."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. Deqa alikuwa amesimama na kikombe chake. Akakisukuma katikati ya vingine, akainama kuchungulia.

"Bado hakijajaa," alisema. "Mama alipenda mvua."

Muktar alikuwa mlangoni. Akaja akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimkaribia kidevu, akalia bila kujificha. Wote wakaitazama mvua ile isiyolowesha mtu, naye Deqa akazidi kusema, polepole, habari za ndoo ya bluu na jinsi maji yalivyokuwa baridi.

Baadaye Muktar akatoka, na ngurumo ya lori ikakatika. Alirudi na boksi begani.

"Mwalimu," akauliza, "hii kipindi, muhula ujao iko?"

Kalunde hakufikiria hata kidogo.

"Iko, Baba Deqa."