Askofu na Meya wa Ahlenrode

Engelbert von Raskamp alizaliwa mtoto wa tatu katika nyumba yenye shamba la kumtosha mrithi mmoja, basi akatolewa kwa kanisa. Alisoma, akaimba zaburi, akapanda vyeo. Lakini alikuwa amekulia vitani, na moyo wake haukuachana na mizinga. Mapadri wakubwa wa mji wa Ahlenrode walipomchagua awe askofu, na kwa hiyo mtawala wa nchi nzima, walidhani wamejipatia mchungaji. Kumbe wamejipatia jemadari.

Mji huohuo ukawa wa kwanza kumfungia malango, maana haukutaka askari wake ndani. Engelbert akauzingira. Kila asubuhi alisoma misa, akavua kanzu, akaenda kuelekeza mizinga. Kabla kiangazi hakijaisha njaa ikawashinda wenyeji, na meya wao, Cord Wessling, mfanyabiashara wa kitani, akatoka kukabidhi funguo. Alikuwa amevaa shati safi, kwa vile alijua atakatwa kichwa.

Askofu hakumuuliza habari za uasi.

“Mizinga yangu ya upande wa mtoni,” alisema, “iliwaumiza kiasi gani?”

“Ile? Iliua bata wangu wawili, Baba Askofu. Ungeipandisha pale kilimani, tungefungua malango mapema. Nilikuwa nakesha nikiomba usije ukapaona.”

Maofisa wakatazama chini. Engelbert akakigeukia kilima, akakipima kwa macho, aibu ikampanda. Kisha akaangua kicheko mpaka msalaba ukamrukaruka kifuani. Akaamuru meya aletewe paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi, mkate mweusi na bia. Cord alikula kama mtu anayeaga dunia. Alipomaliza, akaambiwa atazijenga upya kuta alizozilinda.

“Nitazijenga,” alijibu. “Ila askari wako akivunja mlango wa mtu, nitakufuata hata altareni.”

Na kweli alimfuata, katikati ya misa ya Pasaka. Askofu alimaliza ibada akiwa amefura kwa hasira, lakini mchana askari mkosaji alionekana na nyundo mkononi, akitengeneza mlango wa mjane.

Miaka ikapita. Engelbert akagombana na majirani wa magharibi kwa ajili ya mpaka, akaingiza jeshi lake kati ya mabwawa yao. Wakafungulia maji, bonde likafurika. Alirudi nyumbani na matope hadi kiunoni, adui nyuma yake, na safari hii aliyezingirwa alikuwa yeye. Alipofika ukutani alikuta Cord ameshajenga boma dogo kilimani, bila ruhusa wala kuuliza.

“Ungeniambia,” askofu alinung'unika.

“Ungekataa, halafu ningelijenga tu.”

Walisimama bega kwa bega hadi mvua za vuli zilipowarudisha adui kwao.

Baada ya hapo amani ilidumu. Jongo, ule ugonjwa wa kuvimba viungo, liliushika mguu wa Engelbert, asiweze tena kupanda farasi, na wale waliomjua walidhani atakufa kwa uchungu. Hakufa. Jumapili baada ya misa alibebwa kwa kiti hadi juu ya ukuta, na Cord akaja na mkate na soseji. Walibishana juu ya vita vyote, nani alikosea wapi, huku chini yao wanawake wakianika kitani majanini. Siku moja askofu alisinzia katikati ya ubishi aliokuwa akishinda. Cord akamvutia kofia usoni jua lisimchome, akaendelea kula.