Mkate wa Ergash

Siku ya hitima ya mwaka ya Bibi Salomat, Barchinoy aliingia chumbani kwa bibi yake kabla hata hajanawa vumbi la safari, akainua macho ukutani, na moyo ukamlipuka. Kitambaa kilichofunga mkate wa baba yake kilikuwa cheupe pee. Alichokijua yeye kilikwisha kugeuka rangi ya chai, na fundo lake bibi alilifunga mara mbili, kama mtu asiyeamini fundo moja. Hili lilikuwa fundo la mtu mwenye haraka zake.

"Unatafuta nini huko juu?" Hosiyat, mke wa baba yake mdogo, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. "Toka uje uwani. Wageni hawawezi kujimiminia chai."

Akamtoa, akafunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akaufungia kwenye mshipi wa aproni. Tangu lini chumba cha bibi kikafungwa kwa ufunguo?

Mkate ule haukuwa mkate wa kuliwa. Barchinoy akiwa hajaanza shule, baba yake, Ergash, aliondoka kwenda Urusi kutafuta kazi za ujenzi. Bibi Salomat, mama yake Ergash, akamshikia mkate wa moto mlangoni, Ergash akaung'ata mara moja tu, na uliobaki ukatundikwa kwenye msumari umngoje aje aumalize. Ndivyo wafanyavyo katika bonde lile kwa kila anayekwenda mbali. Ikija habari ya msiba, mkate hushushwa ukasagwa, wakapewa ndege. Ergash hakurudi, wala habari haikuja. Barchinoy, ambaye mama yake alifariki alipomzaa, akalelewa chini ya mkate ule, akasoma chini yake, akakua mpaka akapata kazi mjini. Ukishushwa, hakuna tena atakayemngoja baba yake ila yeye peke yake.

Na sababu ya kuushusha alikuwa anaijua. Mtoto wa Hosiyat anaoa vuli hii, na bi harusi anatafutiwa chumba.

Uwani wanawake walikuwa wamekaa kuzunguka vyungu vya pilau, karibu wote wanafunzi wa marehemu. Sanobar, jirani mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu, ndiye aliyeshika usukani.

"Mimi baba alinitoa shule nikafume mazulia," alisema. "Mwalimu akawa anakuja kila jioni, anakaa ubavuni mwangu, ananifundisha herufi kwa nyuzi. Baba akimfukuza, anamwambia, 'Nimekuja kutazama zulia, ndugu yangu.' Na zulia lenyewe hajui hata mbele yake ni wapi!"

Wakacheka, wakafuta machozi.

"Na uongo je? Nani aliwahi kumdanganya?"

"Thubutu! Anakuwekea kiganja kifuani, anakwambia, 'Haya, sema tena, nisikie na huku.' Utasema nini hapo?"

Barchinoy alijisikia fahari mpaka masikio yakamwaka moto. Kiganja kile alikifahamu kuliko wote. Lakini alimwona Hosiyat ameinamia unga wake, hacheki wala hainui uso, na mashaka yakamrudia.

Kisha Hosiyat akatia vipande vya unga uliokandwa kwenye mafuta yanayochemka ili harufu iwafikie wafu wa nyumba, akaanza kuwataja kwa majina. Akamtaja mkwewe mwanamume, akamtaja mama yake Barchinoy, akamtaja Bibi Salomat, akanyamaza. Halafu midomo yake ikacheza mara moja zaidi, bila sauti.

Barchinoy aliiona midomo ile. Bibi naye alikuwa akifanya vilevile kila Alhamisi. Utotoni alimwuliza ni nani huyo wa mwisho, na bibi akajibu, "Najitaja mwenyewe, mjukuu wangu, nizoee." Lakini Hosiyat si mtu wa mizaha, na kujitaja kati ya wafu hawezi, kwa jinsi anavyoogopa kufa. Alikuwa anamtaja nani?

Adhuhuri Hosiyat alivua aproni kwenda kutawadha. Barchinoy hakungoja. Alichomoa ufunguo, akafungua, akapanda kigoda, akautungua mkate na kuufungua.

Mkate ulikuwa mkavu, lakini haukuwa mkongwe. Ufuta ulikuwa bado juu yake. Huu haukuwa na umri hata wa mbuzi wa uwani, seuze wa kumngoja mtu miaka yote hiyo. Akatoka nao mbio mpaka kwenye tanuri, mbele ya wanawake wote.

"Mkate wa baba yangu uko wapi?"

Hosiyat alikuwa bado anadondokwa na maji usoni. "Rudisha hicho ulichokitoa, Barchinoy."

"Umeutupa! Umeutupa mwanao apate chumba, ukaoka mwingine ukaung'ata wewe, ukadhani mimi bado mtoto. Na bibi ndiyo kwanza anatimiza mwaka kaburini!"

Hosiyat aliinamia tanuri. Alichukua mkate wa moto, akaung'ata kwa nguvu, akamsogezea. "Haya, msomi. Linganisha."

Meno ya Hosiyat yalikata safu nzima. Mkate mkavu ulikuwa umemegwa kidogo tu pembeni, na alama zake zilikuwa mbili, zimeachana.

"Yarabi," alisema Sanobar, safari hii kwa sauti ndogo. "Meno ya Mwalimu."

Hakuna aliyebisha. Yale mawili ya chini ndiyo aliyobaki nayo uzeeni, na kila mtu pale alikwisha kuchekewa nayo.

"Mwaka wa pili alikuja mtu waliyefanya naye kazi," Hosiyat akasema. "Mkononi ana kofia ya Ergash. Aliangukiwa na ukuta, wakamzika hukohuko. Mwalimu akaushusha mkate, akawapa ndege nyuma ya nyumba. Wewe ukarudi kutoka shule, ukauliza mkate uko wapi. Akakwambia umeanikwa. Kesho yake akaoka mwingine, akaung'ata. Ukiharibika, anaoka tena."

"Nilikuwa mtu mzima! Kwa nini hakuniambia?"

"Kila sikukuu anasema, mwaka huu namwambia. Wewe unaingia, unatazama juu kwanza, kisha ndiyo unamwamkia. Anameza maneno."

Barchinoy hakulia. Alikasirika, akamkasirikia marehemu, siku ya hitima yake, mbele ya watu waliotoka mbali kuja kumsifu kwa ukweli. Watoto wa kijiji kizima waliwekewa kiganja kifuani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwekea Mwalimu.

"Na wewe ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka uulize mwenyewe. Ndivyo alivyoniagiza. Kitambaa kimeliwa na wadudu, nimebadilisha. Chumba nimekifunga kwa ajili ya watoto wa wageni, wasije wakautungua. Na huu ukiharibika, mwingine ningeung'ata mimi, na wewe ungenijua palepale. Nilikuwa naumia kichwa nitafanyaje."

Mkate ulikuwa mgumu hata ikabidi autwange kwenye kinu. Barchinoy aliwamwagia ndege chenga zake nyuma ya nyumba, kisha akarudi kwenye mafuta yanayochemka, akatia kipande cha unga. "Ergash, mwana wa Salomat," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Hosiyat akamshika mabega.

Asubuhi, dereva alipopiga honi, Hosiyat alitoka mbio na mkate wa moto, akamsogezea mdomoni.

"Ng'ata."

"Mama mdogo, mimi nakwenda mjini tu, siendi Urusi."

"Ng'ata, usiwacheleweshe watu. Na ung'ate kwa meno yote, nisije nikasingiziwa tena."

"Na chumba cha bi harusi?"

"Atalala chini yake. Wewe hukulala?"

Barchinoy akang'ata, mdomo ukamwungua. Gari lilipokuwa linageuza, alimwona Hosiyat kupitia dirisha la chumba cha bibi, amepanda kigoda mbele ya msumari, anafunga kitambaa. Alifunga fundo, akalitazama, akafunga la pili.