Sigara ya Papa Bisimwa

Watu watatu waliokula na kunywa na marehemu papa yangu mzazi walinipa habari tatu juu ya sigara moja, na kila mmoja aliapa kwamba anasema kweli. Nilikuwa na haki ya kukasirika, nikakasirika.

Sigara ninayoisema si ile ya paketi. Ni ile nene, jani juu ya jani, ambayo Wabelgiji walipoondoka waliwaachia watu wa Bukavu hamu yake bila kuwaachia sigara zenyewe. Papa, Bisimwa, alizikunja katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kadutu, juu kidogo ya soko. Maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wenyeji, na rafu zake zikabaki na vumbi, hata wakubwa wa serikali waliovaa abacost, ile suti isiyo na tai, walianza kupanda kijia chetu cha utelezi kuja kumtafuta. Tumbaku nyingi ilitoka Nyantende, nyingine, ile nyeusi, ilitoka Mwenga. Mimi ni Adolphine, ingawa kwenye ofisi za serikali niliitwa citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kazi yangu ilikuwa kulowanisha majani, kuchomoa ule uti wa katikati, na kuyapaka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili yalainike na kupata harufu. Hata za kuuza nilizikunja mwenyewe. Za Jumamosi hapana.

Za Jumamosi alizikunja papa, akinipa mgongo. Jioni rafiki zake watatu walifika, akamwekea kila mmoja sigara yake mkononi, akamwashia, kisha akawasha ya kwake. Wakavuta, wakabishana juu ya mpira na juu ya mvua, wakaenda zao. Nikiingia baadaye kufagia nilikuta meza safi kabisa, hakuna hata unyuzi wa tumbaku. Nilidhani papa ni mtu wa usafi tu.

Papa alipokufa, ndugu yake mdogo, Papa Léopold, alishuka kutoka Bagira akatusimamia mazishi vizuri, sina la kumlaumu hapo. Kwa desturi yetu alichukua koti la marehemu, lile la sufu la kahawia, akalivaa siku ileile. Ndani ya koti hilo ndimo ilimokaa harufu ya papa, harufu ya sigara yake ya Jumamosi ambayo niliijua tangu nikibebwa. Ikapanda basi kwenda Bagira mgongoni mwa papa mdogo, nami nikabaki mlangoni nikilia kwa ajili ya koti zaidi ya nilivyolia kaburini.

Papa hakuacha mtoto wa kiume. Kwetu meza ya mwanamume huenda kwa ndugu yake, na chumba cha mbele hufuata meza. Nilimwambia Papa Léopold kwamba kazi hii ndiyo niliyoishika tangu utotoni, na sijui nyingine. Akafikiri, akajikuna shingo.

"Adolphine, mutoto wangu, mimi siko mutu mubaya," akasema. "Siku ya kuondoa matanga, barafiki ya mukubwa wangu bataonja. Kama banasema hii njo cigare ya Bisimwa, meza iko yako na chumba iko yako. Kama hapana, basi kazi ilikufa naye. Bibi yangu atafungula buvette pale, auzishe pombe."

Nikakubali haraka. Nilijiona mjanja. Kitu gani kigumu hapo? Ningewauliza wale watatu sigara ilikuwa na ladha gani, ningekunja hiyohiyo, mambo yaishe.

Nilianza na Papa Atumani, muuza vitambaa sokoni, Mwislamu wa ukoo wa Uvira, mtu wa Kiswahili kilichonyooka ambaye hunisahihisha hata nikimsalimu. Alifumba macho kabla sijamaliza swali.

"Ilikuwa tamu, binti yangu. Asali. Utamu unaokuja mwishoni, baada ya moshi kutoka. Na jambo moja nililompendea Bisimwa: sigara yake haikuwa na harufu ya pombe hata chembe. Ningeijua."

Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa vinanuka kasiksi hata wakati ule. Miaka yote niliyapaka majani pombe kwa mikono yangu, na mzee huyu wa watu anavuta na kumshukuru Mungu! Nilimuaga upesi, nikatoka sokoni nikijiuliza papa alimfanyia nini rafiki yake.

Papa Philémon, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi kabla ya kustaafu, alinicheka.

"Tamu? Atumani anasema tamu? Ah non! Ulimi yake iliharibika na chai. Cigare ya papa yako ilikuwaka kali, nyeusi, ya Mwenga. Kasiksi inapanda mu pua, koo inaungua kidogo. Kama haiunguze, haiko ya Bisimwa."

Basi nikaenda kwa Maman Françoise, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikitumaini kwamba mwanamke mwenzangu ataniondolea utata. Maman Françoise huvuta moto ukiwa ndani ya mdomo, kama wanavyofanya baadhi ya mama wa sokoni wa umri wake. Kichwa cha sigara chenye moto kinaingia ndani, midomo inafungwa, na ukimtazama huwezi kujua kama anavuta au anatafuna. Anasema hivyo mvua haiizimi, na padri haioni.

"Tamu, kali, ile yote iko maneno ya banaume," akasema huku akiwafukuza nzi. "Asali mu moto inaunguza ulimi. Kasiksi njo mubaya zaidi. Bisimwa alinipatiaka jani ya Nyantende, laini, yenye maji kidogo, haina kitu juu yake. Ilikuwaka na ladha ya jani tu. Hakuna mwengine alijua kukunja vile."

Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa hata nikatia chumvi kwenye chai. Je, wazee hawa wamesahau? Wananichezea? Au wanataka niwapelekee kitu kwanza, kuku labda, ndipo ndimi zao zifunguke? Huyu wa tatu nilimwondoa kabisa katika hesabu. Nani atamsikiliza mtu anayevuta sigara kwa upande wa moto?

Nikaanza kujaribu. Nilikunja ya asali, nikakunja nyeusi ya kasiksi, nikakunja ya jani tupu. Nikachanganya asali na kasiksi. Nikaongeza nyeusi, nikapunguza. Kila moja niliiwasha na kuivuta mwenyewe, nikatapika nyuma ya nyumba, majirani wakaanza kusema maneno juu ya tumbo langu. Mabaki niliyoyakata kwenye ncha niliyasukumia katika beseni chini ya meza, beseni likajaa. Sigara nyingine zilikuwa nzuri, nasema bila haya. Lakini hata moja haikunuka kama lile koti. Nilifikiria kwenda Bagira kumwomba papa mdogo anivulie koti ninuse. Angesema huzuni imenipanda kichwani, na bibi yake angekuja na kipimo cha mlango wa buvette siku ileile.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwa sijui lolote zaidi ya nililolijua mwanzoni. Watu walikaa uani, maharage yalikuwa yanachemka, na mbabula wa pili, lile jiko la kuchomea sambaza, ulikuwa na makaa mekundu karibu na mlango. Papa Léopold alifika amevaa koti. Nikawaingiza wale watatu chumba cha mbele, nikaweka mezani aina tatu, kwa namna wale watatu walivyonieleza, nikawaambia waonje zote na waseme ya papa ni ipi. Ndiyo akili niliyokuwa nimebaki nayo.

Ilikuwa vurugu. Philémon aliikamata ya asali, akavuta mara moja, akatema. "Hii iko bombo, pipi ya batoto!" Atumani alipewa ile nyeusi. Akainusa tu, akaisukuma mbali, uso ukambadilika. "Hii ina pombe. Adolphine, nani amekufundisha hivi? Si baba yako." Maman Françoise alikuwa tayari ameingiza moto wa asali mdomoni, akautoa na kupiga kelele, akaomba maji. Kisha wote watatu wakaanza kugombana. Kila mmoja aliwaambia wenzake kwamba hawakumjua Bisimwa, kwamba walikuja kwake kwa ajili ya kukaa tu na kupiga maneno, na Philémon akasema neno juu ya ndimi za wauza samaki ambalo sitalirudia.

Papa Léopold alicheka mpaka akashika mbavu.

"Munaona? Balivuta naye Jumamosi yote, na hata mumoja hajue alivuta nini! Adolphine, pole. Mimi nilijaribu."

Niliona aibu, na hasira ikapita aibu. Hapo Maman Françoise, ambaye ulimi ulikuwa unamuuma na hakutaka tena kusikia mtu, alinyoosha mkono akawapokonya wote sigara zao.

"Munyamaze! Atumani, kamata hii ya sukari yako. Philémon, kufa na hii yako. Hii njo yangu."

Akaigeuza, akaingiza moto mdomoni, akafunga midomo. Wanaume nao wakavuta. Atumani alifumba macho. Philémon aliegemea ukuta, mguu mmoja juu ya mwingine, na moshi wake mzito ukapita juu ya kichwa chake. Maman Françoise alikuwa anatazama ziwa kupitia mlango, mashavu yameingia ndani. Nikawatazama nikiwa nimesimama na sufuria mkononi. Nikaona Jumamosi. Walikaa vilevile walivyokuwa wakikaa, kila mtu na sigara yake, na kila mtu ameridhika.

"Hazikuwa moja," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Papa alikunjiaka kila mutu ya kwake."

Walinitazama kama nimewatukana. Philémon alitoa sigara mdomoni, akaiangalia, akaangalia ya Atumani.

"Miaka yote ile," akasema, "nilidhani tulikuwa tunapenda kitu moja."

Sikujua kama amefurahi au ameumia, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Atumani aliuliza polepole sana, bila kunisahihisha chochote: "Basi yangu haikupakwa kamwe? Hata siku moja?"

"Hapana, Papa Atumani. Lazima majani yako aliyachukua kabla sijapaka. Ndiyo maana alinipa mgongo."

"Sikumwomba," akasema. "Wallahi sikuwahi kumwomba." Akajipangusa macho kwa ncha ya kanzu, wala hakujificha.

Nilidhani yameisha. Lakini Papa Léopold alikuwa hacheki tena, na alisogea mbele.

"Muzuri," akasema. "Hizi ziko zenu. Mimi niliomba ya Bisimwa. Yeye mwenyewe alivutaka nini?"

Wale watatu wakatazamana. Ilikuwa na rangi gani? Tamu? Kali? Waliketi naye miaka na miaka, magoti yakigusana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza. Maman Françoise aliinamisha kichwa. Nami niliyelala ukuta mmoja na meza ile sikuwahi kuuliza.

Sasa hasira ilinipanda kweli, hasira juu ya papa mwenyewe, aliyekufa na mgongo wake umenigeukia. Nililikamata beseni la mabaki chini ya meza, nikaenda mlangoni, nikayamwaga yote juu ya makaa ya mbabula. Nilitaka yaungue tu, niione meza tupu nimkabidhi Papa Léopold.

Moshi ukapanda, mwingi, ukaingia chumbani. Asali ilikuwamo, kasiksi ilikuwamo, na jani tupu la Nyantende. Papa Léopold alikohoa, akainua mkono kujiziba pua kwa mkono wa koti.

Akabaki hivyo. Alinusa mkono wa koti. Akaushusha, akanusa moshi. Akanusa tena koti, lile la sufu la kahawia, na macho yake yakanitafuta kwa mshangao kana kwamba mimi ndiye niliyemvalisha.

Beseni lilinianguka. Ilikuwa harufu ileile.

"Mabaki," nikasema. "Alikuwa anawakatia ninyi jani zuri, halafu yeye anakunja mabaki yenu." Na meza ile safi niliyoisifu miaka yote! Nikakaa chini pale mlangoni, nikalia kwa nguvu, na moshi ukanipa kisingizio.

Papa Léopold akavuta kigoda, si cha papa, akakaa upande wa wageni, karibu na Philémon.

"Bibi yangu atatafuta fasi ingine ya buvette," akasema. Akashika vifungo vya koti. "Mimi hakuna siku alinikunjia."

"Hukukuyaka hapa Jumamosi, papa mudogo."

"Hakuniitaka hata mara moja."

Nikajipangusa uso, nikaingia, nikakaa kwenye kigoda cha papa, nikachagua jani. Wale wengine walikuwa wanavuta taratibu. Nikageuka, kwa sababu mimi sitaki kumpa mtu mgongo, nikamuuliza papa mdogo: "Unapenda namna gani? Tamu, kali, ao jani tupu?"

Papa Léopold alimtazama Atumani, akamtazama Philémon, akamtazama Maman Françoise, kama vile mmoja wao angemjibia.

"Sijue," akasema. "Hakuna mutu alishaniulizaka."