Mama Amida na Mgeni wa Bukama

Inspekta Léonie Kanyinda alikwenda sokoni Kamina kumkamata mama Amida, lakini alipofika alijikuta ameketi dukani kwake katikati ya vitenge, hajui aanzie wapi.

Kanyinda, binti wa dereva wa treni, alikuwa amefuatilia kwa muda mrefu fedha zilizokuwa zikitumwa kwa simu kuelekea mashariki, kwa wale watu wa porini wanaochoma vijiji. Nyayo zikamleta kwa mjane huyu wa asili ya Maniema, ambaye soko zima lilimheshimu. Akamwonyesha picha iliyotoka kwenye simu ya mpiganaji aliyetekwa: mwanamume mwenye ndevu nadhifu, bunduki mapajani.

"Unamujua, mama?"

Amida akaipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo, njo Maalimu Sadiki. Alipitaka hapa, akatufundisha. Iko na masomo ya batoto yatima kule Ituri. Siye banamama ba musikiti tunabatumiaka feza ya chakula." Akaisogeza picha karibu na macho. "Iyi bunduki ni ya nini?"

Kanyinda akamweleza polepole. Shule haikuwapo. Wala yatima hawakuwapo, isipokuwa wale ambao wenzake Sadiki waliwaulia wazazi.

Alitegemea kilio, au viapo. Amida akachukua kitenge kilichokwisha kukunjwa, akakikunjua, akakikunja upya.

"Nitamuambia simu inakatala kutuma," akasema hatimaye. "Akuye Bukama, nimupe mukononi."

"Hapana, mama. Ule muntu anauaka."

"Banamama balitoa juu ya kinywa yangu, Inspekta. Minyi njo nilibaomba."

Hivyo wakapanda treni kwenda Bukama, mji ulio kando ya mto Lualaba. Polisi waliovaa kiraia wakajichanganya na wachuuzi kituoni, kwa kuwa Sadiki, Amida alipompigia, aliahidi kuja pale. Hakuja. Alipiga simu kutoka mtoni: alikuwa ukingoni mwa Lualaba, karibu na mtumbwi wa mota, na mahali penyewe ni peupe, kila anayekaribia anaonekana. Kanyinda akatikisa kichwa: basi, turudi. Amida alikuwa ameshajitwika kapu lake kichwani, anateremka peke yake.

Kutoka nyuma ya magunia ya samaki wakavu Kanyinda aliona yote; na simu ya Amida, iliyounganishwa na ya kwake na kuachwa wazi ndani ya kapu, ilimletea sauti zao. Mama alitandika mkeka. Akatoa bukari, ule ugali wa kwao, na samaki, akamnawisha mgeni mikono.

"Nipe tu, mama, mtumbwi unaningoja."

"Maalimu! Utapokea sadaka ya bajane na njaa?"

Mwenye mtumbwi akacheka, akazima mota, naye akaja kula. Wakati huo huo polisi wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kila mmoja na kikapu begani.

"Tubaombee batoto," Amida akasema. "Niambie majina yabo, nibataje."

"Kuna Yusufu," Sadiki akaanza. "Kuna Fatuma..." Akakwama. Akainua macho, akamtazama yule mama, akaelewa. Mkono ukaenda ndani ya koti.

Amida akaudaka kwa mikono yake miwili na kuukandamiza kifuani mwa Sadiki kwa uzito wake wote. Hakupiga kelele. Alimshikilia hivyo hivyo polisi walipofika mbio, wakamnyang'anya bastola. Hata pingu zilipofungwa bado hakumwachia, mpaka Kanyinda mwenyewe alipomfungua vidole, kimoja kimoja. Inspekta alitaka kusema neno la shukrani. Badala yake akaliokota kapu la mama, akalibeba mwenyewe.

Simu za Sadiki zilifichua wenzake wa miji mingine. Wakakamatwa, akaunti zao zikafungwa. Kwa Kanyinda kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Ijumaa Amida alimwomba amsindikize msikitini, naye Kanyinda akakaa karibu na mlango wa uani, viatu mkononi.

Amida alisimama mbele ya wanawake wote. Hakusema alivyomkamata mtu. Alisema fedha zao za chakula zilinunua risasi, na kwamba ni yeye aliyewaomba. Kanyinda akaona miguu ya mama yule ikitetemeka chini ya kitenge, miguu ambayo kule mtoni haikutetemeka hata kidogo.

Ndipo mama Jamila, mkubwa wao wote, akainuka kwa taabu, akapita katikati ya wenzake, akaja akasimama ubavuni mwa Amida, akawageukia.

"Basi," akasema, "tulitoa siye bote."

Mwingine akainuka. Na mwingine. Kanyinda alibaki pale mlangoni, akiwatazama wakija.